Ombi la Mfungwa na Milango ya Mtawala: Uingereza, 1627 hadi 1729

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu wanasheria na wanafunzi wa historia, nawashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie jinsi wafungwa wa karne za kumi na sita hadi kumi na nane walivyowaendea watawala wao kuomba haki. Mada hii ni pana mno. Ingeweza kutupeleka Istanbul, ambako raia wa sultani walikuwa na desturi ya muda mrefu ya kufikisha malalamiko yao hadi kwenye baraza la dola, au Agra, ambako mfalme Jahangir anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba amri yake ya kwanza baada ya kutawazwa mwaka 1605 ilikuwa kutundikwa kwa mnyororo wa dhahabu wenye kengele, ili aliyedhulumiwa auvute na mfalme asikie. Mimi nitabaki Uingereza. Kumbukumbu za huko ni nyingi na zimehifadhiwa vizuri, na sheria iliyozaliwa katika magomvi nitakayoyasimulia ndiyo iliyokuja kurithiwa na mahakama zetu za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, iwe tunalikumbuka hilo au hatulikumbuki.

Hoja yangu ni moja. Ombi la mfungwa halikupata nguvu kwa ufasaha wake, wala kwa huruma ya aliyeandikiwa. Lilipata nguvu pale tu ambapo mfungwa alikuwa na mlango wa pili wa kubisha baada ya ule wa kwanza kufungwa. Na watawala, ambao walilielewa jambo hili mapema kuliko wanasheria, walitumia akili nyingi kuhakikisha kwamba mlango unabaki mmoja.

Tuanze na mtu aliyekuwa na mlango mmoja. Mwaka 1627 mfalme Charles wa Kwanza aliwafunga watu waliokataa kumkopesha fedha kwa lazima. Watano kati yao, wote watu wenye cheo, waliomba mahakama ya King's Bench iwape amri ya habeas corpus, yaani amri inayomtaka bwana jela amlete mfungwa mbele ya majaji na kueleza sababu ya kumshikilia. Jibu lilikuwa kwamba wameshikiliwa kwa agizo maalumu la mfalme, basi, na majaji wakawarudisha gerezani. Mwaka uliofuata Bunge lilimbana mfalme kwa hati maarufu ya Petition of Right, iliyopinga watu kufungwa bila kutajiwa sababu. Charles alijaribu kwanza kutoa jibu lenye kukwepa, kisha tarehe 7 Juni 1628 akaikubali.

Lakini kuikubali hati ni jambo moja na kuishi chini yake ni jambo jingine. Machi 1629 Bunge lilivunjika kwa vurugu, na mfalme akawakamata wabunge kadhaa, akiwamo Sir John Eliot wa Cornwall. Wafungwa hao nao walikwenda King's Bench, na majaji walionekana kuelekea kuwapa dhamana. Mfalme hakubishana nao. Alichofanya ni kuwahamishia wafungwa katika ngome ya Tower, hivyo siku ya uamuzi ilipofika hapakuwa na mtu wa kuletwa mahakamani. Naomba mkumbuke mbinu hii ya kumhamisha mfungwa, kwa sababu itarudi tena na tena. Eliot alihukumiwa mwaka 1630 kulipa faini ya pauni 2,000 na kukaa ndani mpaka akiri kosa lake. Hakukiri. Alipougua kifua kikuu mwaka 1632 alimwandikia mfalme ombi fupi, akieleza kwamba hewa ya gerezani imemtia maradhi ya hatari na kuomba aruhusiwe kutoka apate hewa safi. Jibu la mfalme likawa kwamba ombi hilo halina unyenyekevu wa kutosha. Eliot akaandika la pili, akisema anasikitika kumuudhi mfalme, na kwamba akipona atarudi mwenyewe gerezani. Nalo halikutosha, kwa sababu bado halikuwa na maneno ambayo mfalme aliyataka, yaani kukiri kosa. Novemba mwaka huo Eliot alifariki akiwa Tower, na mwanawe alipoomba ruhusa ya kuuchukua mwili wa baba yake ukazikwe kwao Cornwall, mfalme aliandika kwamba mwili wa Sir John Eliot uzikwe katika kanisa la mtaa alimofia.

Wapo wanaosoma kisa hiki kama habari ya ukatili wa mtu mmoja. Sidhani kama tunajifunza mengi kwa kukisoma hivyo. Eliot alikuwa tajiri, msomi na mzungumzaji hodari kuliko karibu wabunge wote wa kizazi chake, lakini kuanzia 1629 hadi 1640 Bunge halikukutana hata mara moja, na majaji walikuwa watumishi ambao mfalme aliweza kuwafukuza kazi. Ombi lake lingeweza kwenda kwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyemfunga. Katika hali hiyo unyenyekevu unakuwa bei ambayo muuzaji anaweza kuipandisha kila siku, na kila ombi linalokataliwa linamsogeza mfungwa karibu zaidi na kukiri jambo ambalo hakulifanya au ambalo halikuwa kosa.

Sasa tumgeukie mtu wa tabaka jingine. John Lilburne alikuwa kijana aliyejifunza biashara ya vitambaa London, ambaye mahakama ya Star Chamber, iliyokaliwa na washauri wa mfalme mwenyewe, ilimtia hatiani kwa kuingiza nchini vitabu vilivyopigwa marufuku. Tarehe 18 Aprili 1638 alifungwa nyuma ya mkokoteni na kuchapwa mijeledi kutoka gereza la Fleet hadi Westminster, kisha akatiwa katika mkatale, ambamo aliendelea kuhutubia umati mpaka wakamziba mdomo. Alirudishwa Fleet akiwa katika minyororo. Huko ndani aliandika bila kukoma, na hapa tunakutana na jambo ambalo vitabu vingi vya historia ya sheria hulipita haraka: ombi la mfungwa halitembei lenyewe. Kuna mtu anayelitoa gerezani kwa siri, anayelipeleka, anayesimama mlangoni akitukanwa. Mmoja wa watu hao alikuwa mwanamke aitwaye Katherine Hadley, ambaye mwaka 1639 aligawa maandishi ya Lilburne kwa vijana wanaojifunza kazi jijini London, akakamatwa, akafungwa, na mwishowe naye akalazimika kupeleka ombi lake mwenyewe Bungeni ili afunguliwe. Jina lake halijulikani sana, na sioni sababu ya haki inayoeleza kwa nini.

Mlango wa pili ulifunguka Novemba 1640. Charles aliishiwa fedha kwa sababu ya vita dhidi ya Waskoti, akalazimika kuliita Bunge, na Bunge lilipokaa tu maombi ya wafungwa yakaanza kumiminika. Ombi la Lilburne liliwasilishwa siku za mwanzo kabisa katika Baraza la Makabwela, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, na mbunge wa Cambridge asiye na umaarufu wakati huo, Oliver Cromwell. Mbunge mmoja aliyekuwapo alikumbuka baadaye suti yake iliyoshonwa ovyo na doa la damu kwenye kola. Siku chache baadaye Lilburne alikuwa huru. Mei 1641 Baraza lilitamka kwamba hukumu yake haikuwa halali, kwamba ilikuwa ya kikatili na ya kidhalimu, na Julai ya mwaka huohuo Star Chamber ilifutwa kwa sheria ambayo pia iliwapa waliofungwa kwa amri ya mfalme au baraza lake haki ya habeas corpus.

Hebu tutazame kilichobadilika kati ya 1632 na 1640. Moyo wa Charles haukubadilika. Ombi la Lilburne halikuwa la kinyenyekevu kuliko la Eliot; kama kuna tofauti, lilikuwa kali zaidi. Kilichokuwapo ni watawala wawili waliokuwa wanapimana nguvu, na kila mmoja alitaka kuonekana na nchi kuwa ndiye mwenye haki. Kesi ya mfungwa aliyepigwa iliwafaa wapinzani wa mfalme. Hilo halipunguzi uzito wa haki aliyoipata, lakini lingepaswa kutuonya tusidhani kwamba Bunge lilikuwa na masikio laini kwa asili.

Na kwa kweli halikuwa nayo. Mwaka 1646 Baraza la Malodi, yaani baraza la Bunge la wenye vyeo, lilimfunga Lilburne kwa kumkashifu mmoja wao. Alipofikishwa mbele yao alikataa kupiga magoti, na mashtaka yaliposomwa akaziba masikio kwa vidole. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: Malodi hawana mamlaka ya kumhukumu mtu wa kawaida, ambaye anastahili kuhukumiwa na watu wa hali yake. Akakata rufaa kwa Makabwela dhidi ya Malodi. Mkewe, Elizabeth, akiwa na wanawake wenzake, alipeleka ombi Bungeni Septemba 1646, na akaendelea kupeleka mengine kwa miaka kumi iliyofuata. Machi 1647 wafuasi wa kundi la wadai usawa lililokuja kuitwa Levellers waliandaa ombi kubwa lililodai, pamoja na mengine, kwamba mabwana jela wawe watu waliothibitishwa uaminifu wao na kwamba wadaiwa wasio na kitu wasiachwe kuangamia gerezani. Baraza la Makabwela liliamuru ombi hilo lichomwe moto na mnyongaji wa serikali. Bunge lililotoa uhuru kwa njia ya maombi mwaka 1640 lilikuwa, ndani ya miaka saba, linachoma maombi.

Baada ya mfalme kukatwa kichwa Januari 1649, Lilburne na wenzake watatu walitiwa tena Tower, safari hii na jamhuri. Wanawake wa London walifika Bungeni Aprili kuwaombea, wakaambiwa kwamba jambo hili limewazidi kimo, jibu limekwishapewa waume zao, warudi nyumbani wakaangalie kazi zao. Mei walirudi na ombi lingine, lililoeleza kwamba wao pia wameumbwa kwa mfano wa Mungu, wana fungu katika Kristo sawa na wanaume, na kwa hiyo wana sehemu yao katika uhuru wa nchi; wakauliza ilikuwaje waonekane duni kiasi cha kunyimwa hata ruhusa ya kuomba. Kwa maoni yangu hayo ni maandishi yenye hoja nzito kuliko karibu kila alichoandika Lilburne mwenyewe, ambaye, tuseme ukweli, alikuwa na tabia ya kujizungumzia sana.

Kilichomwokoa Lilburne mwaka 1649, na tena Agosti 1653, kilikuwa juri, watu 12 wa London waliosema hana hatia ingawa serikali ilitaka sana anyongwe. Basi huu ulikuwa mlango wa tatu. Cromwell, ambaye sasa ndiye aliyeshika madaraka na ambaye zamani aliwasilisha ombi la mtu huyuhuyu, hakuweza kuuvunja, akaamua kuuzunguka. Lilburne hakuachiliwa baada ya ushindi wake wa 1653. Alipoanza kutafuta amri ya habeas corpus akiwa Tower, alihamishiwa Machi 1654 kwenye kisiwa cha Jersey, katika ngome ya Mont Orgueil, mahali ambapo amri za majaji wa Westminster zilipuuzwa. Cha ajabu ni kwamba ngome hiyohiyo ndiko serikali ya Charles ilikomfunga mwandishi mpinzani William Prynne baada ya kukatwa masikio mwaka 1637, huku wenzake Henry Burton na John Bastwick wakipelekwa Guernsey na Scilly. Mfalme aliyekatwa kichwa na mtu aliyesimamia kukatwa kwake walikubaliana kabisa juu ya faida ya kisiwa. Ukimvusha mtu bahari huhitaji kulikataa ombi lake; unaliacha tu lipotee njiani kati ya jaji asiyefika huko na askari asiyemtambua jaji. Lilburne alirudishwa bara, katika ngome ya Dover, mwaka 1655, baada ya mkewe na baba yake kumsihi Cromwell kwa maombi mengi, na alifariki Agosti 1657 akiwa na umri wa miaka ipatayo 40.

Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660 mbinu ya visiwa haikuachwa. Waziri mkuu wa mfalme mpya, Earl wa Clarendon, alishtakiwa Bungeni mwaka 1667, na moja ya mashtaka yake lilikuwa kwamba alisababisha raia wafungwe kinyume cha sheria katika visiwa na ngome za mbali ili wakose manufaa ya sheria. Mwaka 1676 mfanyabiashara wa London, Francis Jenkes, alifungwa kwa kutoa hotuba iliyotaka Bunge jipya liitwe. Alipoomba habeas corpus, Jaji Mkuu na Lord Chancellor, afisa mkuu wa sheria wa mfalme, walijitetea mmoja baada ya mwingine kwamba mahakama ziko likizo.

Wanafunzi wa sheria watanisamehe nikiisoma Habeas Corpus Act ya 1679 kwa jicho la mwanahistoria. Hutangaziwi humo haki mpya ya binadamu. Unachokikuta ni orodha ya hila zilizowahi kutumiwa, kila moja ikiwekewa kizuizi chake. Bwana jela anatakiwa kumpa mfungwa nakala ya hati ya kumfunga ndani ya saa 6 tangu aombwe. Mfungwa aletwe ndani ya siku 3 ikiwa gereza liko umbali usiozidi maili 20, siku 10 ikiwa ni hadi maili 100, na siku 20 zaidi ya hapo. Gharama ya kumsafirisha isizidi peni 12 kwa maili, kwa maana bwana jela mmoja aliweza kulizuia ombi kwa kutaja nauli tu. Bwana jela asiyetii alipe pauni 100 kwa kosa la kwanza na pauni 200 kwa la pili. Jaji anayekataa kutoa amri wakati wa likizo alipe pauni 500 kwa mfungwa mwenyewe. Hapo ndipo Jenkes anapojibiwa. Na kifungu kimoja kinapiga marufuku kumpeleka mkazi wa Uingereza gerezani Scotland, Ireland, Jersey, Guernsey, Tangier au ng'ambo nyingine yoyote. Anayekisoma kifungu hicho bila kuijua Mont Orgueil anaweza kushangaa kwa nini visiwa vidogo hivyo vimetajwa kwa majina.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu tuko Afrika Mashariki na jambo lenyewe linatugusa. Sheria hiyo ilimlinda mkazi wa Uingereza. Mwaka 1899, serikali ya Uingereza iliwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, ikawapeleka Seychelles bila kesi ya aina ambayo Lilburne aliipata mara mbili. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Sultani Khalid bin Barghash wa Unguja, aliyekamatwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, naye alipelekwa St Helena na Seychelles. Hila iliyozuiwa nyumbani kwa kifungu cha sheria iliendelea kuwa chombo cha kawaida cha utawala kwingineko, na waliopelekwa hawakuwa na Bunge la kupokea maombi yao.

Kuhusu haki ya kuomba yenyewe nitapita haraka. Mwaka 1688 maaskofu saba walimpelekea James wa Pili ombi la kutolazimishwa kusoma makanisani tangazo lake la uvumilivu wa dini. Mfalme alilipokea kama bendera ya uasi, akawatia Tower kwa kosa la kuandika ombi, na tarehe 30 Juni juri likawaachilia. Mwaka uliofuata Bill of Rights ikaandika kwamba raia wana haki ya kumpelekea mfalme maombi na kwamba kumfunga mtu kwa kufanya hivyo ni kinyume cha sheria.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwa wafungwa ambao sheria hizi zote ziliwaruka. Sheria ya 1679 ilihusu walioshikiliwa kwa jinai. Haikumhusu mdaiwa, na wadaiwa walijaza magereza ya Fleet, Marshalsea, Ludgate na King's Bench kuliko wafungwa wa siasa wote kwa pamoja. Magereza hayo yaliendeshwa kama biashara. Mfungwa alilipa ada ya kuingia, kodi ya chumba, ada ya kuvuliwa pingu, na ada ya kutoka. Mtu aliyekwisha kulipa deni lake aliweza kubaki ndani kwa kudaiwa ada za gereza lenyewe. Wasio na kitu walisimama kwenye dirisha la nondo linalotazama barabara wakiwaomba wapita njia sadaka. Maombi yao hayana majina makubwa. Mengi yanajitambulisha tu kuwa ya wafungwa maskini wa gereza fulani, yameandikwa kwa lugha ileile ya kupiga magoti, mwaka baada ya mwaka, kwa mfalme, kwa Bunge, kwa majaji, kwa Meya wa London.

Maombi hayo yalizaa matunda polepole. Septemba 1649 jamhuri ileile iliyowafukuza wanawake mlangoni ilipitisha sheria ya kuwaachilia wadaiwa watakaoapa kuwa mali yao, mbali na nguo, matandiko na vifaa vya kazi, haizidi pauni 5. Mwaka 1671 Bunge la mfalme lilipitisha sheria inayofanana nayo, kiapo kikiwa cha pauni 10. Sheria za aina hii zilirudiwa mara nyingi baadaye; kila moja ilipunguza msongamano bila kugusa mfumo uliouzalisha.

Mfumo ulikuja kuguswa, kwa kiasi, kwa sababu ya rafiki. Mwaka 1728 Thomas Bambridge alinunua wadhifa wa mkuu wa gereza la Fleet pamoja na mshirika wake kwa pauni 5,000, na aliyenunua cheo kwa bei hiyo alitarajia kuirudisha kutoka kwa wafungwa. Msanifu majengo Robert Castell, aliyefungwa kwa deni, aliposhindwa kuendelea kutoa malipo alihamishiwa nyumba ya mahabusu yenye ugonjwa wa ndui, ingawa alisihi kwamba hajawahi kuugua ndui, akaambukizwa, akafa. Rafiki yake James Oglethorpe alikuwa mbunge, na Februari 1729 akapewa kamati ya kuchunguza magereza. Kamati iliingia yenyewe ndani. Huko Marshalsea iliripoti kwamba wafungwa wapatao 300 walikufa kwa njaa katika muda wa miezi mitatu. Bambridge alivuliwa wadhifa kwa sheria ya Bunge, lakini juri lilimwachilia katika kesi ya mauaji, na William Acton wa Marshalsea naye aliachiliwa. Juri lililomwokoa Lilburne lilikuwa na pande mbili.

Wafungwa hao walikuwa wameandika kwa miaka mingi kabla ya 1729, na waliyoyaandika ndiyo kamati iliyoyakuta. Ilibidi afe mtu aliyekuwa na rafiki mbunge ili mtu wa nje aingie kuhesabu. Najua kwamba baadhi yenu hapa mnafanya kazi ya msaada wa kisheria katika magereza yetu, mnapokea barua za mahabusu na kuzipeleka kwa wakuu wa magereza, kwa majaji wanaotembelea, kwa tume za haki za binadamu. Mwenyekiti ametenga muda wa maswali, lakini mimi ndiye ningependa kuuliza la kwanza, na ningependa kujibiwa nanyi: katika barua mlizozipokea, ni ngapi zilizokuwa zimeandikwa kwa mtu mmoja tu, na ni nani, kwa kawaida, anayezitoa nje?